Mfuko wa Ijumaa Haurudi Mtupu

Mfuko wenyewe ulikuwa wa kijani, na si kijani cha adabu. Ni kile kijani cha vizibao wanavyovaa watengeneza barabara ili magari yasiwagonge. Mshauri wa wanafunzi alipokuwa akinieleza huo mpango wa chakula cha wikendi, aliteremsha sauti, akaniwekea mkono begani, akaniambia nisiwe na wasiwasi, jambo hili ni la siri kabisa, hakuna mtoto mwingine atakayejua. Halafu akafungua kabati akanionyesha mfuko. Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Sikuwa na nafasi ya kuchagua rangi. Mume wangu alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, na tangu mwaka uanze walikuwa wamempunguzia saa za kazi, leo anaitwa, kesho anaambiwa abaki nyumbani. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa ughaibuni, Garland: naosha, nalisha, nageuza watu wazima kitandani. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa darasa la nne, na shule ilimlisha asubuhi na mchana. Zilizotukaba ni Jumamosi na Jumapili. Ndani ya mfuko mlikuwa na makopo ya mahindi, siagi ya njugu, maziwa ya boksi, tambi za kutia maji moto, na maharage ambayo ilibidi niyasome kwanza, maana watu wa nchi hii hutia nguruwe hata mahali ambapo nguruwe hana shughuli. Kwa mtoto na bibi yake, yaani mamangu, chakula hicho kilivusha wikendi. Mimi na baba yake tulijua wenyewe. Kwa hiyo nikasema ahsante, nikarudi kazini.

Sharti lilikuwa moja tu. Ijumaa mfuko unatoka shuleni umejaa, Jumatatu unarudi mtupu ili ujazwe tena. Mshauri alilirudia hilo neno mara kadhaa, mtupu, kana kwamba kuna mtu angekosea.

Sasa mwambie mamangu arudishe chombo cha watu kitupu.

Mamangu alikuwa ametoka Mombasa kuja kukaa nasi, na alikuja na mila zake zote, hakuna hata moja aliyoiacha forodhani. Kwetu, sahani ikiingia nyumbani na biriani ya jirani, haitoki tupu. Huna kitu, utatia hata ndimu. Huna ndimu, utatia sukari kiganja kimoja, lakini tupu hairudi, labda uwe umegombana na mwenye sahani. Nikiwa mdogo nilishawahi kukimbizwa barabarani na mama huyuhuyu, kanga inamponyoka, kwa sababu nilikuwa napeleka bakuli la watu bila kachri alizokuwa ameziandaa. Alinirudisha nyumbani mbele ya wenzangu. Nilidhani mambo hayo tumeyaacha huko.

Jumatatu ya kwanza nilitoka alfajiri kwenda kazini. Nyuma yangu mamangu akaufua ule mfuko kwa mkono, akaupiga pasi, wallahi aliupiga pasi, akaujaza mahamri aliyoyazungushia foili, akamwambia mjukuu wake, "Wape salamu zangu, waambie twashukuru." Mimi nikapigiwa simu na mshauri nikiwa katikati ya kumwogesha mzee wa watu, sabuni mpaka viwikoni. Sauti yake ilikuwa tamu mno. Akasema chakula kinanukia ajabu, ameguswa sana, lakini kanuni za shule haziruhusu chakula kilichopikwa nyumbani, kuna watoto wenye mzio, kuna mambo ya afya, natumaini unaelewa. Nikamwambia naelewa. Naelewa kila kitu, hiyo ndiyo kazi yangu katika maisha, kuelewa huku nikielewesha kule.

Jioni nikamkalisha mamangu kitako.

"Walikula?" akauliza, kabla hata sijafungua mdomo.

"Hawakula, Mama. Shule hairuhusu. Waliyatupa."

Hapo nilikosea, neno "waliyatupa" lingebaki mdomoni mwangu. Akavuta ushungi wake. "Wametupa chakula," akasema. "Basi labda iliki ilizidi."

Jumatatu iliyofuata ilikwenda kaimati. Ile nyingine, mkate wa sinia, kwa sababu alikuwa amefikiri wiki nzima akaona labda hawapendi vitu vya mafuta. Nazi aliipata wapi, usiniulize. Alikuwa amemtuma mume wangu duka la Wahindi kule Irving akitoka kazini, na mume wangu, ambaye mimi nikimtuma maziwa hurudi na visingizio, alimletea mama mkwe wake nazi ya kugandishwa na tabasamu juu.

Nilimweleza mamangu kwa kila njia. Nilimwambia hawa si majirani, huu ni mpango wa shule.

"Na shule ni nani? Si watu?"

"Ni watu, Mama, lakini hawakutupikia. Ni makopo. Hakuna aliyepika."

"Maskini," akasema, "hawana mpishi." Akainuka kwenda kuroweka mbaazi.

Nilitaka kulia, nikacheka, halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Shule nao wakaona mimi sifikishi ujumbe. Wakaamua kumpigia mamangu mwenyewe, kwa mkalimani wa simu. Siku hiyo nilikuwa nyumbani, nikaambiwa nisiingilie, niweke simu mezani na sauti kubwa. Mkalimani alikuwa Mkongo, kijana mwenye heshima zake.

"Mama, jambo," akasema. "Huyu madame wa shule anasema asante mingi sana juu ya chakula. Lakini chakula ya kupika ku nyumba, banakataza. Anaomba usitume tena."

"Sijambo, baba. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mie ni wa Bukavu, mama."

"Na wazazi wako wako huko?"

"Mama yangu alibakia kule."

"Eee, pole, mwanangu. Sasa nani akupikia?"

Mshauri upande wa pili akauliza mama anasema nini. Mkalimani akajikohoza, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anauliza kuhusu familia. Wakaendelea hivyo mpaka mshauri akalazimika kuaga, ana watoto wanamsubiri. Mamangu alipokata simu alisema kijana yule amelelewa vizuri, na kama anakaa karibu aje ale.

"Na kuhusu mahamri?" nikamwuliza.

"Haya," akasema.

Mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba "haya" si kukubali. Ni mlango umerudishwa tu, komeo halijatiwa. Lakini nilikuwa nimechoka, nikaichukua kama ilivyo.

Mshauri alinipigia tena, na safari hii utamu ulikuwa umepungua. Kikionekana chakula cha nyumbani ndani ya mfuko tena, akasema, mtoto hatapewa mfuko mkononi. Mzazi mwenyewe atakuja kuuchukua ofisini kila Ijumaa, na kitambulisho, kabla ya kengele ya kutoka. Nikamwuliza kama bibi yake anaweza kuja, maana yeye ndiye humpokea mtoto nje ya uzio kila siku, nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara tu. Akasema samahani, lazima awe mzazi aliyeandikishwa. Mtoto mzima mwenye mikono na miguu wanampa mamangu amvushe barabara, lakini makopo ya mahindi hapana.

Kabla ya kengele maana yake ni katikati ya zamu yangu. Pale kazini, ukiomba kutoka mapema mara moja, msimamizi anakuonea huruma. Ukizoea, jina lako linaanza kupotea kwenye ratiba, kidogo kidogo, bila mtu kukufukuza. Niliyaona yakimpata mwenzangu mmoja wa Nakuru. Na nyumba yenye mume aliyekatwa saa haiwezi kuwa na mke aliyekatwa saa. Nikawaweka wote sebuleni, mama, mume na mtoto, nikatoa amri kama waziri: hakuna kitu cha kupika kitakachoingia katika ule mfuko. Hata punje. Anayetaka kumshukuru mtu, aombe dua.

"Haya," akasema mamangu.

"Sawa bosi," akasema mume wangu.

Binti yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Zikapita wiki za utulivu. Mamangu aliendelea kupika mahamri Jumapili, lakini niliyaona yakiliwa, au nilidhani nimeyaona yote. Jambo moja tu alilonisumbua nalo ni mtoto. "Huyu mjukuu wangu Ijumaa ana nini?" aliniuliza zaidi ya mara moja. "Siku nyingine hutoka na wenzake. Ijumaa hutoka wa mwisho, mpaka nimekauka kwenye uzio. Na lazima avae jaketi, na jua lote hili." Nikamwambia labda mwalimu wa Ijumaa anachelewa kumaliza. Nikamwuliza mtoto mwenyewe, akanijibu "I'm fine," jibu wanalogawiwa watoto wote wa nchi hii wakishajua kusema. Nilikuwa na mahesabu mengine kichwani, sikuchimba.

Halafu simu ikalia. Yamepatikana tena. Mahamri, foili, kila kitu, na si mara moja, inaonekana yamekuwa yakiingia kila Jumatatu na kuliwa bwaloni kabla mfuko haujafika ofisini. Mshauri alisema atanisubiri Jumatatu asubuhi tuzungumze. Hakusema neno "ameguswa" wala "kunukia".

Nilirudi nyumbani navuka taa nyekundu kwa hasira. Mamangu nilimkuta kwenye mswala, nikangoja amalize, na kule kungoja kukazidi kunichemsha. Alipotoa salamu nikaanza. Nilisema maneno mengi, mengine si ya kumwambia mzazi. Nikamwambia kazi yangu ikienda, ijulikane imekwenda kwa mahamri. Yeye akanitazama mpaka nikakosa pumzi.

"Mimi napika," akasema. "Kutia mfukoni sijatia tangu siku uliyokataza. Naapa."

Mamangu haapi ovyo. Nikalala na hasira isiyo na mwenyewe.

Jumatatu nikampeleka mtoto kwa gari, ingawa shule ni hapo tu, kwa sababu baada ya kikao nilitakiwa kukimbia kazini. Alikaa kiti cha nyuma na mfuko wa kijani mapajani. Tulipofika maegesho nikageuka nikauona umetuna. Nikanyoosha mkono, nikaupapasa, nikasikia foili ikilia.

"Nani katia hii?"

Akaukumbatia mfuko.

"Nakuuliza! Ni Bibi?"

"Siyo Bibi. Me. Niliyatia mimi." Akaushika mkono wangu. "Usimgombeze Bibi, hajui."

"Kwa nini? Hukunisikia nikikataza? Unataka Mama afukuzwe kazi?"

Akavuta kamba za mfuko, akazizungusha kidoleni, akazifungua. Halafu yakatoka yote kwa mpigo, Kiswahili na Kiingereza vikisukumana. "Friday wanaita kwa speaker. 'Green bag friends, come to the office.' Darasa lote wananiangalia. Everybody. Kuna mmoja anasema hiyo ni bag ya watu hawana chakula kwao. Naivaa jaketi juu yake but inaonekana bado." Akafuta pua kwa mkono. "Lakini Monday wananingoja. Wananiuliza, umeleta? Hata yule. Nikiwa na mahamri hakuna mtu anasema hiyo kitu."

Nilikaa pale mikono juu ya usukani. Hasira haikuondoka, nisiseme uongo, ila ilishuka kutoka kwa mtoto ikatafuta pengine pa kwenda. Mtoto wa darasa la nne alikuwa analipa Jumatatu kile alichodaiwa Ijumaa, na sisi watu wazima tulikuwa tunapigiana simu kuhusu iliki.

Nikamwambia anipe mahamri. Akanipa. Alidhani nitayatupa, macho yakamjaa, lakini hakubisha. Akaukunja mfuko mtupu, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama leso, akaubana kwapani ndani ya jaketi, akashuka. Alitembea mpaka mlangoni mkono mmoja umegandama ubavuni kama mtu aliyeumia bega.

Mshauri ana ofisi ndogo yenye bakuli la peremende na viti vya watoto. Nikakaa, magoti yakanifika kifuani, nimevaa sare zangu za kazi, na foili mkononi. Alianza kwa kunisifia mtoto. Mtoto mzuri, mtulivu, anapendwa. Nikamwacha amalize, kwa sababu mamangu alinilea. Kisha nikamwuliza kwa nini aliniambia mpango huu ni siri.

Akasema ni siri.

Nikamwuliza hao "marafiki wa mfuko wa kijani" wanaoitwa kwa kipaza sauti ni marafiki wa nani.

Akapepesa macho. Akasema tangazo hutolewa na watu wa mapokezi, na jina lile lilichaguliwa kwa mapenzi, ili watoto wajihisi wa pekee. Nikamwambia wanajihisi wa pekee, hilo wamefanikiwa. Nikamweleza habari ya jaketi. Nikamweleza ya yule mtoto mwenzake na maneno yake. Kiingereza changu huniangusha nikikasirika, lakini asubuhi ile hakikuniangusha. Mama wa watu akawa mwekundu mpaka shingoni, akasema hakujua, akasema atazungumza na wahusika, utaratibu wa kubadilisha jambo unachukua muda kidogo, kuna kamati. Nilimwamini kwamba hakujua. Nilimwamini pia kuhusu kamati, na hiyo ndiyo iliyoniudhi.

"Basi usimpe tena mtoto mfuko," nikasema. "Nitakuja kuuchukua mwenyewe."

Akasema si lazima, ile ilikuwa hatua kwa wanaovunja kanuni, na sasa ameelewa hali yetu.

"Nimevunja kanuni," nikamwambia. "Mahamri haya hapa. Niadhibu."

Nikayaweka juu ya meza yake. Akayatazama kana kwamba yanaweza kumshtaki. Nikamwambia haya si ya watoto, yeye ni mtu mzima hana mzio, na chombo chake kimerudi, anaweza kuyala au kuyatupa, lakini asiponiahidi kwamba mwanangu hataitwa tena kwenye kile kipaza sauti, mimi siondoki kwenye hiki kiti, na kiti chenyewe kinaniumiza. Akaahidi. Halafu akafungua foili, akachukua moja, akala. Akauliza ndani mna nini. Nikamwambia aende akamwulize mamangu, mkalimani atamsaidia.

Kazini msimamizi alikunja uso mpaka nikakubali kufanya Jumapili nzima badala ya saa zangu za Ijumaa, Jumapili ambayo ndiyo siku pekee sote tunakaa chini ya paa moja. Mume wangu alipandisha sauti. "Una-risk job kwa sababu ya noodles?" Nikamwambia si noodles. Nikamweleza. Akakuna kidevu, akasema basi Jumapili yeye ndiye atampeleka Mama sokoni. Mamangu sikumweleza habari ya jaketi. Nilimwambia tu kwamba mahamri yanaruhusiwa sasa, ila ni ya ofisini, na nitayapeleka mimi.

"Nilikwambia ilikuwa iliki," akasema.

Ijumaa nikatoka kazini mbio, nikaacha gari nyumbani, nikafika na kitambulisho, nikapewa mfuko. Siku hiyo walikuwa wameongeza boksi la juisi, ulikuwa mzito, na kamba zake nyembamba zilinikata bega. Foleni ya magari ya wazazi ilikuwa imezunguka shule yote, injini zinanguruma, viyoyozi vimewashwa, na nyuma ya kila kioo kuna mtu hana la kufanya ila kutazama anayepita. Nikapita. Nilimjua mmoja wao, mama wa Kikenya tunayekutana naye harusini, muuguzi mwenye gari refu. Alinipungia mkono, macho yakashuka kwenye mfuko, yakarudi usoni kwangu upesi mno. Nikatafuta pa kuuficha. Mfuko uliojaa haukunjiki. Na mimi ni mtu mzima mwenye sare na leseni ya kazi, na uso uliniwaka kama niliyepigwa kofi.

Kengele ikalia. Mamangu alikuwa kwenye uzio na ushungi wake wa maua, shingo ameinyoosha, tayari kukauka. Watoto wakamwagika. Binti yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na wasichana wengine wawili, bila jaketi, mikono yote miwili inaruka hewani. Alikuwa anakimbia. Aliinua macho akaniona mimi pale njiani, na mfuko ule wa kijani begani kwangu. Akanitazama kidogo tu. Kisha akanipita kama hanijui, akaendelea kukimbia na wenzake mpaka kwa bibi yake.

Mamangu akanyoosha mkono kuniita, mdomo ameshaufungua. Nikamfanyia ishara watangulie. Wakavuka barabara, na mimi nikawafuata kwa mbali na chakula chao.